Bibi Mifugo Anajibu: Paka Aogeshwe au Aachwe?

Kwa kawaida mnaniuliza habari za kuku na ng'ombe wa maziwa, lakini barua za mwezi huu karibu zote ni za paka. Nadhani ni baridi. Juni ikiingia huku kwetu paka anahamia ndani, analala kitandani, ndipo mwenye nyumba anagundua kwamba mgeni ananuka. Nimechagua barua nne. Kama yako haimo, isome ya mwenzako, maswali yenyewe yanafanana.

Shikamoo Bibi Mifugo. Nina paka jike, mweupe mwenye mabaka. Binti yangu wa darasa la tano ameona kwenye simu paka wakiogeshwa kwa povu na kukaushwa kwa mashine, sasa kila Jumamosi anataka tumwogeshe wa kwetu. Juzi tulimpeleka bombani nje, akamparura mtoto mkononi, akapanda darini hadi usiku. Jirani anasema tungetia Dettol kwenye maji kuua vijidudu na harufu. Paka aogeshwe mara ngapi kwa mwezi, na Dettol inafaa?
*Mama wa Forest Mpya, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Tuanze na mkono wa mtoto. Paka akiparura au kuuma, jeraha linaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama paka wenu hajachanjwa kichaa cha mbwa, mpeleke mtoto kituo cha afya leo, hata kama mchubuko umeshafunga, uwaeleze ilivyokuwa. Ugonjwa ule umepewa jina la mbwa, lakini paka naye anaupata na kuupitisha kwa mate. Ukitoka huko ulizia kwa afisa mifugo wa kata chanjo ya paka.

Sasa maji. Mara ngapi kwa mwezi? Hakuna hata moja. Paka mzima, mwenye manyoya mafupi kama hawa wetu, anajiogesha mwenyewe, na anatumia sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho kwa kazi hiyo. Shika ulimi wake siku akikulamba, utasikia unakwaruza. Una vijiba vigumu vinavyoelekea nyuma, vinavyopeleka mate mpaka chini ya manyoya na kuzoa uchafu, viroboto na nywele zilizokufa. Ninyi mkimlowesha kila Jumamosi mnaondoa mafuta ya ngozi yake, ngozi inakauka, anajikuna. Halafu mnaandika barua nyingine.

Dettol hapana. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana barua zote za leo zinarudi hapa: ukimpaka paka kitu, umemlisha. Chochote kinachobaki kwenye manyoya yake kitakuwa tumboni kabla ya usiku kuingia. Na ini la paka ni dhaifu mahali pamoja. Linashindwa kuvunja dawa za jamii ya fenoli, na dawa ile ya kuulia vijidudu ni ya ukoo huo. Anadondosha mate, ulimi unatoka vidonda, ngozi inaungua, akizidiwa anakufa. Udhaifu huohuo wa ini ndio unaofanya hata kidonge kimoja cha Panadol kiweze kumuua. Jiki, sabuni ya unga na sabuni ya mche nazo ziache kwenye nguo.

Harufu uliyoisikia itafute inatoka wapi. Paka mzima wa afya hana harufu. Panua mdomo, nusa masikio, inua mkia. Mara nyingi utakuta jino bovu, sikio lenye uchafu mweusi, au jipu la ugomvi wa madume chini ya manyoya. Hakuna kati ya hayo linaloondoka kwa kuoga.

Na binti usimvunje moyo. Mpe brashi laini, amchane paka jioni mkiwa mnaangalia taarifa ya habari. Nywele alizozitoa yeye, paka hatazimeza. Mkihofia vumbi la kiangazi, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kinatosha.

Bibi Mifugo, habari za kazi. Mimi ni fundi wa magari. Paka wa gereji ametumbukia kwenye beseni la oili chafu tuliyomwaga kutoka kwenye lori la mbao. Ni mweusi tititi mpaka masikioni. Kijana wangu anataka kumsafisha kwa mafuta ya taa, kama tunavyonawa mikono sisi. Nimemzuia kwanza nikuulize.
*Fundi, Mafinga*

Fundi, uliniandikia kwa simu na nilikujibu palepale. Narudia kwa ajili ya wengine, maana Mafinga gereji ni nyingi na kila gereji ina paka wake.

Huyu sasa ndiye paka wa kuogeshwa, tena bila kungoja kesho. Oili iliyotumika ina mabaki ya vyuma na kemikali za injini, naye ataanza kuilamba mara moja. Kazi ya kwanza basi ni kumzuia ulimi: mviringishe kwenye taulo kuukuu, kichwa tu kibaki nje. Mafuta ya taa, petroli na thina visimguse. Vinaunguza ngozi, na mvuke wake unaharibu mapafu. Mikono yako wewe imekomaa, na huilambi.

Futa ile nzito kwa matambara makavu. Kisha mpake mafuta ya kula, alizeti ile ile ya jikoni, usugue polepole mpaka oili ilegee, ufute tena. Nyunyiza unga wa sembe ufyonze yaliyobaki, ukung'ute. Paka wangu wa hapa Uyole, ambaye ajira yake ni kulinda magunia ya mahindi, aliwahi kuingia kwenye sufuria la mawese ya Kyela niliyoyaweka sakafuni yapoe. Alitoka rangi ya chungwa mpaka kwenye ndevu. Unga wa sembe ulimaliza zaidi ya nusu ya kazi kabla hajagusa maji, na kadiri maji yanavyokuwa machache ndivyo mnavyopatana.

Maji yenyewe andaa kabla ya kumleta, yasimiminwe mbele yake, kwa sababu ule mlio ndio unaoanzisha vita. Funga mlango na dirisha. Weka mabeseni mawili, moja la kuoshea na moja la kusuuzia, na maji ya akiba kwenye birika. Chini ya kila beseni tandika kipande cha gunia au taulo. Paka haogopi maji peke yake, anaogopa kuteleza. Akipata pa kushika kucha anatulia kwa namna ambayo hutaamini. Maji yafike tumboni, yasizidi. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, kwa hiyo maji yakaribie hapo. Pima kwa kiwiko kama unavyompimia mtoto mchanga: usisikie moto wala baridi.

Muwe wawili. Mmoja anamshika mabegani, kwa uzito wa mkono tu, bila kubana koo. Paka mkubwa usimning'inize kwa ngozi ya shingo, anaumia. Mwingine anamwagia kwa kikombe kuanzia shingoni kwenda mkiani, anapaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo sana iliyochanganywa na maji, anasugua kufuata manyoya yalivyolala. Sabuni hii ni kwa ajili ya grisi na oili tu, si ya kila siku. Kichwa hakimwagiwi. Uso unafutwa kwa kitambaa, na ndani ya masikio tone lisiingie. Suuza mpaka maji yatoke meupe na manyoya yalie ukiyabana kwa vidole, kisha suuza tena. Mnajua kwa nini.

Mengi ya hayo mtu anaweza kuyasoma popote. Lisiloandikwa na watu wa pwani ni baridi letu. Dar es Salaam paka akilowa anakaa barazani, anakauka. Mafinga mwezi wa saba paka aliyelowa jioni anaweza kupoteza joto la mwili hadi akalegea, na kitoto kinaweza kufa. Kwa hiyo kazi hii ifanyike kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa na nguvu. Mkaushe kwa taulo kwa kubonyeza, ukibadilisha taulo likilowa, halafu mweke ndani dirishani jua linapoingia, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga pembeni yake. Oili ikimwagika saa moja usiku? Mfute kwa matambara na unga, mviringishe, mlale naye chumba chenye joto akiwa kavu, umalizie mchana. Chumba hicho kisiwe kile chenye jiko la mkaa milango imefungwa. Moshi usioonekana wa mkaa unaua paka na unaua na wewe.

Kama alishalamba kabla hujamkamata, usimtapishe. Mafuta yakipanda juu yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari ilipo. Maziwa nayo hayaondoi sumu. Ukiona anakohoa, anapumua haraka au amezubaa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na beseni la oili lifunikwe, fundi, au limwagwe kwenye pipa lenye kifuniko.

Kamwene Bibi Mifugo. Nasoma chuo hapa Iringa, nimepanga Kihesa. Nimeokota kitoto cha paka, nakadiria kina wiki sita, kimejaa viroboto na mimi nimeshaanza kuumwa miguuni. Dukani wameniuzia shampuu ya viroboto yenye picha ya mbwa, wakasema paka na mbwa ni kitu kimoja. Nichanganye na maji kiasi gani?
*Mwanachuo, Kihesa*

Kamwene, kijana. Usiifungue hiyo chupa. Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina pemethrini. Mbwa anaihimili, paka inamtia mtetemeko na degedege, na dalili zinaweza kuanza saa chache tu baada ya kumpaka. Dawa ya josho la ng'ombe nayo ni hivyohivyo, hata ukiichanganya na maji mengi. Irudishe dukani. Wasipoipokea, hasara hiyo ni ndogo kuliko ile nyingine. Na yeyote anayesoma hapa akiwa ameshampaka, amwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, na sabuni ya vyombo, kisha akimbie kwa daktari.

Kitoto cha wiki sita dawa zake ni chache na zinapimwa kwa uzito, usibahatishe. Nunua kitana chenye meno ya karibukaribu, kile cha kutolea chawa. Keti juani na bakuli la maji yenye sabuni. Chana kuanzia shingoni, na kila unachokipata kitumbukize kwenye bakuli, maana kiroboto ukimbana kwa kidole anachomoka. Fanya kila siku. Kama wamezidi, unaweza kumwogesha mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji, ukianza na povu kuzunguka shingo. Bila kizuizi hicho wote wanakimbilia usoni. Iwe haraka, na akaushwe kama nilivyomweleza fundi.

Kabla ya yote hayo inua mdomo wake wa juu, tazama fizi. Zikiwa nyekundu kidogo, endelea. Zikiwa nyeupe, ameshanyonywa damu nyingi, mpeleke kwa daktari leo, acha kuoga. Viroboto wanaua vitoto hivihivi watu wakidhani ni utapiamlo.

Wanaokuuma wewe miguuni hawapo kwa paka, wapo chumbani. Mayai yanadondoka anapolala, mabuu wanajificha kwenye nyufa na chini ya mkeka, wengine wanajifungia kwenye vifuko na kungoja wiki au miezi. Shuka na tambara lake vifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, godoro litolewe juani, pafagiliwe mpaka uvunguni na takataka zichomwe. Uwe na subira ya miezi kama mitatu. Kitoto kikifikisha umri daktari atakipa dawa ya paka na dawa ya minyoo, kwa sababu kiroboto akimezwa analeta tegu.

Habari Bibi Mifugo. Paka wangu ni mzee, nimekaa naye miaka mingi tangu marehemu mke wangu yupo. Zamani alikuwa anang'aa. Sasa manyoya yamesimama, mgongoni yameshikana mafundo, analala mafigani na amekuwa wa kijivu. Nimechemsha maji, lakini nasita.
*Mzee wa Tandala, Makete*

Shikamoo baba. Umefanya vizuri kusita. Huko kwenu ambako asubuhi umande unaganda kwenye majani, paka mzee asiloweshwe.

Majivu ni kitu kidogo, futa kwa kitambaa chenye uvuguvugu. Kinachonisumbua ni kwamba ameacha kujilamba. Paka haachi hivihivi. Ama anaumwa meno, ama viungo vimekaza na hawezi kugeuza shingo kufika mgongoni, ama figo zinachoka. Mtazame siku mbili hizi: je, anakunywa maji kuliko zamani na kukojoa sana? Anatafuna upande mmoja? Anashindwa kuruka mahali alipozoea? Anapungua mwili? Yaandike umpe daktari.

Mafundo usiyakate kwa mkasi. Ngozi ya paka mzee ni nyembamba, inavutika ndani ya fundo bila wewe kuiona, na kidonda chake kinachelewa kupona. Yafungue kwa vidole, kidogo leo kidogo kesho, akichoka mwache. Siku ya kumpeleka usimsafishe kwanza, daktari anataka kumwona alivyo. Mweke kwenye kapu lenye kifuniko, umfunike na sweta lako kuukuu, na kama gari la alfajiri lina baridi, subiri la saa nne.