Usijifunze kuchora chati, jifunze kuuliza databesi kwa chati

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, "Kaka shikamoo, nimemaliza chuo nataka niwe data analisti, nianze na SQL au Power BI?" Nikamjibu kwa kifupi, baadae nikaona haitoshi, na kwa vile najua wengi mnaonisoma mko njia hiyohiyo, mnataka ajira ya data, mnataka siku moja mkae meza moja na mabosi mkiongea wanyamaze, acha nijibu kwa kirefu. SQL ni lugha ya kuiuliza databesi, Power BI ni programu ya kuchora chati, ila kwangu mimi hivyo sio vitu viwili. Chati ukiitengeneza vizuri ni kwiri, yani swali kwa databesi. Mtu akivuta slaida, kile kitelezi cha kuchuja, anakuwa anaandika SQL, ila haioni.

Nilikuwa kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa, jina tuliache. Digrii yangu ya takwimu yote iliishia kuitwa "kijana wa ripoti". Meneja wa mkoa anapiga simu, "kijana nitolee mauzo ya Mwanza ya mwezi uliopita", naandika kwiri natuma Excel, baada ya lisaa anapiga tena, "sasa nitenganishie jumla na rejareja", naandika tena natuma, "sasa nitolee wale wa mkopo", mpaka jioni mtu kachoka hata kuuliza anaondoka na lile faili la kwanza. Na swali la tano ndio lingekuwa la maana! Lakini nani anafika swali la tano kwa kupiga simu.

Basi usiku nyumbani, bando langu mwenyewe, nikajenga dashibodi. Juu ramani ya mikoa, katikati mstari wa mauzo ya kila siku, chini mzigo uliorudishwa kutokana na invoisi za siku hizo, na vyote nikaviunganisha, yani ukikamata kipande cha siku kwenye mstari vile vingine vinajichuja hapohapo mbele ya macho. Mkuu wangu akaiangalia kidogo akasema mbele ya watu, "hizi katuni nani kakutuma?" Watu wakacheka. Sawa.

Aliyeichukua serious ni mama mmoja meneja wa Kanda ya Ziwa, SQL hajawahi kuandika na wala hana mpango. Akakamata siku chache za katikati ya mwezi, mzigo uliorudi ukawa kidogo. Akasogeza mpaka zile siku tatu za mwisho, ukapanda. Akarudi mwezi wa nyuma, hivyohivyo, akarudi mwezi wa nyuma yake, hivyohivyo. Akabofya, zikatoka invoisi zenyewe na majina ya maduka, akacheka akasema "aah, hawa vijana wangu wanajaza maduka mwisho wa mwezi wafikishe tageti wapate kamisheni, wiki ya kwanza mzigo unarudi". Mimi zile tebo nilikuwa nazo muda wote jamani. Kwiri ya kulitoa hilo ni mistari michache tu, ila hakuna aliyewahi kuniomba, kwa sababu ili uandike SQL lazima swali uwe nalo tayari kichwani. Yule mama swali alilikuta njiani akiwa anasogeza kidole.

Kwenye kikao cha mwaka hilo jambo liliwasilishwa vizuri sana, slaidi zinang'aa, na aliyewasilisha ni yuleyule wa katuni. Jina langu halikutajwa. Nimeshasamehe ila nawaambia tu.

Na wala hili sio jambo jipya. SQL ilitoka IBM mwaka 1974, ikategemewa kwamba hata asiye programa ataweza kuuliza mwenyewe. Nenda leo kamuulize mhasibu wa ofisini kwenu kama anaiandika. Mwaka 1992 Ben Shneiderman na mwenzake pale Chuo Kikuu cha Maryland wakatengeneza HomeFinder, ramani ya Washington ambapo kila nyumba inayouzwa ni nukta, pembeni slaida za bei, vyumba na umbali wa kwenda kazini, ukivuta slaida nukta zinapotea na kurudi papohapo. Hakuna kuandika chochote. 1996 huyohuyo Shneiderman akaweka utaratibu ambao mpaka leo mimi nafuata, kwanza onyesha picha nzima, halafu mtu asogee karibu na kuchuja, mwisho ndo umpe undani akiutaka. Baadae watu wa Stanford wakaunda lugha ambayo ukikokota safu na kuidondosha kwenye chati inageuzwa kuwa kwiri, na hapo ikazaliwa Tableau, kampuni ya programu ya chati, mwaka 2003, ambayo kampuni ya Salesforce waliinunua 2019 kwa zaidi ya dola bilioni 15. Katuni hizo.

Hata hapa kwetu waratibu wa afya wa wilaya wanaotumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, wanachagua kiashiria, wanachagua kipindi, wanachagua wilaya, ramani inatoka. Wameshauliza databesi hao.

Kwahiyo mdogo wangu, jifunze SQL kwa jicho la chati. Slaida ya tarehe ni WHERE, sehemu ya SQL inayochuja. Kukokota mkoa kwenye mhimili ni GROUP BY, inayopanga kwa makundi. Kubofya nguzo ni kuomba mistari yenyewe bila kujumlisha. Ukiwa na Metabase, programu ya dashibodi, ile ya bure unaisimika kwenye seva yako, jenga swali kwa kubofya halafu fungua uone SQL iliyoandikwa chini yake, fanya hivyo kila siku, utajifunza kuliko kozi za kulipia. Jenga kitu kinachoulizika. Chati ya kutazama tu acha kwa watu wa matangazo, wewe weka slaida, unganisha chati, jenga kitu kinachoulizika.

Na iwe nyepesi. Kuna utafiti wa Liu na Heer wa 2014, walichelewesha majibu kwa nusu sekunde tu na watu wakapunguza kuchunguza. Nusu sekunde! Sasa wewe dashibodi inazunguka mpaka mtu anaenda kunywa chai, unadhani atauliza swali la pili? Data ikiwa kubwa jumlisha kwanza kwa siku na kwa mkoa kwenye tebo ya pembeni, weka indeksi kwenye tarehe ili itafutwe haraka, na omba akaunti ya kusoma tu kwenye nakala ya databesi, isiyogusa ile ya mauzo moja kwa moja, maana siku seva ikizimia utatafutwa wewe.

Vijana mnapenda sana rangi, mnapenda zile chati za duara za kuzunguka, mnaposti LinkedIn mnapata laiki, halafu meneja hana pa kushika. Mpe pa kushika. Kaa nae, mwache asogeze mwenyewe, funga mdomo, andika anachouliza.

Na akigundua kitu kwenye dashibodi yako usisubiri kikao. Tuma email siku hiyohiyo, tarehe juu, jina lako chini, na bosi wa bosi wako kwenye kopi.