Maji yanakotoka, siyo "ambapo yanapotoka"

Msomaji wetu wa Chumbageni, Tanga, anaandaa ripoti ya maji ya ardhini, ameuliza hivi: kwenye ile programu inayoonyesha maji yanavyosafiri chini kwa chini, vile vitone vya kwenye kompyuta vinavyoachiwa vitembee na maji aviite patikali au chembe, na kazi yenyewe ni kufuata au kufuatilia?

Ndugu yangu, andika chembe. Neno tunalo, kwenye "sina hata chembe" na kwenye chembe cha moyo. Na ni kufuatilia, maana fuata ikinyumbuliwa kuwa fuatia halafu fuatilia inabeba nia ya kujua mwisho wake, ndo hasa unachofanya. Hilo limekwisha.

Kilichonikera ni sentensi uliyoambatanisha: "Ramani inaonyesha sehemu ambapo maji yanapotoka, mchanga ambapo yanapopita na kisima ambapo yanapoishia." Jamani! Ambapo tatu na kila moja imebebeshwa -po- nyingine. Ukishasema ambapo, kirejeshi kimeshakaa pale, kitenzi kiache kipumue: ambapo maji yanatoka, basi, au yanapotoka bila amba. Kuweka vyote viwili ni kuvaa kanzu juu ya kanzu na joto letu hili.

Na kinachoniuma zaidi siyo huko kurudia, ni kwamba hiyo ambapo imeua ko na mo, na mada yako inazihitaji kweli kweli. Pale Ngamiani anapokaa shangazi, napaonyesha kwa kidole. Kule Lushoto yanakotoka matunda, ni upande mzima, sitaji shamba la mtu. Mle jahazini wanamolala mabaharia, ni ndani. Sasa angalia kazi yako: MODPATH, programu ya Idara ya Jiolojia ya Marekani iliyotoka 1989, inachukua hesabu za mtiririko zilizopigwa na MODFLOW, programu mwenzake ya kukokotoa maji ya ardhini yanavyotiririka, halafu inasogeza chembe seli kwa seli, yaani kisanduku kwa kisanduku ambavyo ardhi imegawanywa kwenye kompyuta, wewe unazipanga kuzunguka kisima, unarudisha muda nyuma, zinapanda kinyume na maji mpaka kule mvua ilikozama ardhini. Hiyo ni ko, kwa sababu hupajui bado, ndo unapatafuta. Njiani zinapita ndani ya vinafasi vya mchanga, hiyo ni mo, na vinafasi hivyo vina uzito wake maana ukiandika kwamba ni asilimia 20 ya ujazo wa mchanga badala ya 10 muda wa safari unakuwa mara mbili wakati njia ni ile ile. Po ibaki kwa kisima, ambacho kila mtu anakiona. Kwa hiyo: maji yanakotoka, mchanga yanamopita, kisima yanapoishia.

Halafu ile sentensi yako nyingine, ya yule mhandisi Mfaransa, "Darcy wa Dijon alichapisha sheria yake 1856 ambapo inahusu maji kupita mchangani", hapo hakuna mahali panaporejelewa kabisa. Weka "inayohusu" uendelee.

Barazani sisemi kitu, watu wanaongea hivyo na wanaelewana, nimechoka kukatiza stori za wenzangu. Lakini ripoti hii itasomwa na mtu anayeamua vyoo visichimbwe wapi, akikuta ambapo tupu hatajua unamwonyesha kisima chenyewe au eneo lote maji yanakotoka. Irekebishe kabla hujaituma.