Kutoka Little Venice hadi Camden kwa miguu na mama

Umeuliza kama mama mwenye magoti mabovu ataimudu njia hii ya kando ya mfereji, jijini London. Ataimudu. Ni kama kilomita 4 na karibu yote ni tambarare, maana ilitengenezwa kwa farasi waliokokota mashua za mizigo kwenye mfereji huo, Regent's Canal, uliokamilika 1820. Tabu ni mwanzoni tu: mfereji unaingia chini ya ardhi pale Maida Hill, kwa hiyo mtapanda barabarani kisha mshuke ngazi. Mshike mkono hapo.

Msipite haraka daraja la Macclesfield Bridge, jirani na bustani ya Regent's Park. Mwaka 1874 mashua iliyobeba baruti ililipuka chini yake. Daraja lilipojengwa upya, nguzo zile zile za chuma zilirudishwa zikiwa zimegeuzwa, kamba za farasi zikachimba upande mpya, ndiyo maana michirizi yake iko pande zote mbili. Mwambie bi mkubwa apitishe kidole, vidole vinazama kabisa.

Halafu tembeeni upande wa ukutani. Waendesha baiskeli wa huko hupiga kengele wakiwa wameshawafikia mgongoni.