"Nitakulipa msimu": msimu upi?

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Newala, nimehamia mwaka jana kutoka Morogoro. Wateja wananikopa bati na saruji, kisha wananiambia, "Nitakulipa msimu." Si msimu huu, si msimu wa kitu fulani, msimu basi. Hiki ni Kiswahili sahihi au ni tamathali ya huku?

Jibu: Ni sahihi, na tamathali pia imo, ila imezoeleka hadi msemaji haioni tena.

Msimu asili yake ni mawsim ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kutia alama: wakati uliowekewa alama, kama wa hija au wa mavuno. Kwa mabaharia wa pwani hii wakati huo uliwekwa na upepo. Majahazi yalishuka na kaskazi hadi Kilwa, yakangoja kusi iyarudishe Arabuni. Majina ya pepo hizo ndiyo yaliyotupa kaskazini na kusini, kwa hiyo mkazi wa Newala anayejiita mtu wa Kusini anajitambulisha kwa upepo, hata kama hajawahi kupanda jahazi.

Baadaye neno likapanda bara na kupanuka: msimu wa mvua, msimu wa maembe, sasa hata msimu wa ligi. Kwenu likageuka tena, safari hii kwa kufinyika. Mahali ambapo bati, ada ya shule na mahari vyote vinangoja korosho, hakuna haja ya kuitaja korosho. Jina la wote limechukuliwa na mmoja. Neno chuo nalo lilifinyika, ingawa kwa njia yake: zamani lilikuwa kitabu, likawa mahali pa kusomea kitabu, leo wengi wanajua taasisi tu. Maana ya kale imejificha ndani ya mwanachuoni.

Lakini msimu wa Newala haujaishia hapo. Niliwahi kumsikia mama mmoja stendi ya Masasi akimwambia mwenzake, "Korosho tumeshaokota zote, tunasubiri msimu." Kwa kamusi, sentensi hiyo inajipinga: ukishaokota, msimu si umekwisha? Mama hakukosea. Tangu mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, korosho inakwenda ghalani kwanza, halafu mnada, halafu ndipo pesa. Kinywani mwake msimu si miezi tena, ni malipo. Napenda sana matumizi haya, na nadhani kamusi zetu zimechelewa kuyapokea.

Kwa hiyo mteja wako anaposema msimu, usihesabu kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Hesabu kuanzia pesa inapomfikia. Na umuulize shamba lake liko wapi. Akiwa na ufuta upande wa Lindi, Nachingwea au Kilwa, msimu wake unaweza kuwa katikati ya mwaka, Juni au Julai, huku watu wa Newala bado wanapulizia mikorosho dawa ya salfa.

Mdomoni mwache aseme msimu tu. Kwenye daftari la madeni andika "malipo ya korosho", taja mwaka, kisha mpe asaini.