Usingoje mkataba wa fleti yako ubakize miaka 80

Ndugu zangu mlionunua fleti London, Reading, Leicester au kwingineko Uingereza, utoeni kabatini mkataba wa upangaji wa muda mrefu mliokabidhiwa siku ya kununua. Someni ulianza lini na ni wa miaka mingapi. Wangu ulikuwa wa miaka 99 kuanzia 25 Desemba 2005. Kwa hiyo ifikapo Krismasi ya 2024 ungebakiza miaka 80, na hapo ndipo gharama ya kuuongeza hupanda. Aliyepoteza nakala ataipata HM Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi, kwa ada ndogo.

Wengi wetu kule nyumbani tumekulia kwenye hati za ardhi za miaka 33, 66 au 99, ambako kodi ya pango la ardhi unailipa serikalini. Ukija Uingereza na Wales unakuta mwenye ardhi iliyo chini ya jengo mara nyingi ni kampuni ya watu binafsi, na kila mwaka unaopungua kwako unamwongezea yeye mali. Tena hasara haingoji mkataba uishe. Miaka ikishapungua sana benki nyingi hukataa kumkopesha anayetaka kununua kwako, na fleti isiyokopesheka huuzwa kwa bei ya kutupa. (Mlioko Uskoti, fleti za huko humilikiwa kwa utaratibu mwingine, hili haliwahusu.)

Sheria ya mwaka 1993 inakupa haki ya kuongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na kodi ya ardhi unayomlipa mwenye ardhi inafutwa. Mwenye ardhi hana uwezo wa kukukatalia ukitimiza masharti. Mnachobishania ni fidia yake. Mkataba ukiwa na zaidi ya miaka 80, fidia hiyo ni ya kodi atakayoikosa na ya kucheleweshewa fleti, ambayo ingemrudia mkataba ukiisha. Ukifika 80 au ukashuka hapo, inaongezwa kile kinachoitwa thamani ya ndoa: fleti hupanda thamani kwa kuongezewa miaka, na nusu ya faida hiyo unampa yeye. Kwa bei za London, hizo ni maelfu ya pauni. Kinachohesabika ni siku ya kumpelekea notisi rasmi ya kudai nyongeza hiyo. Siku hiyo ndiyo inayotumika kupimia miaka na thamani, hata kama mazungumzo yatavuka mwaka.

Kabla sijapeleka notisi, mwenye ardhi wangu aliniandikia barua ya upole. Alikuwa tayari kurudisha mkataba kwenye miaka 99 kwa bei iliyoonekana nafuu, bila mthamini, mradi nijibu haraka. Tazameni hesabu yake. Anakuongezea miaka 19 tu, huku kodi ya ardhi ikiendelea kwa miaka yote 80 iliyobaki, na kodi yangu ilikuwa inaongezeka maradufu kila baada ya miaka 25. Unamlipa leo, na mwanao atakuja kumlipa tena kwa fleti ileile. Nawasihi, barua ya namna hiyo msiisaini kabla wakili wenu hajaisoma.

Nilianza na mthamini, na ningeanza naye tena. Tafuta aliyesajiliwa na RICS, taasisi ya kitaaluma ya wathamini, anayefanya kazi hii kila siku na anayeujua mtaa wako. Atakupa makadirio mawili: kiasi cha kuandika kwenye notisi na kile mnachoweza kuishia. Cha kwanza kiwe cha chini lakini chenye msingi, kwa sababu ukiandika kiasi cha mzaha notisi inaweza kubatilishwa. Halafu wakili, naye awe wa kazi hizi hasa, kwani tarehe zake hazina msamaha. Notisi lazima impe mwenye ardhi angalau miezi miwili ya kujibu. Akishajibu na msipoelewana, una miezi sita tangu jibu lake kufungua shauri kwenye baraza linaloamua migogoro ya nyumba. Ukipitisha muda huo notisi inakufa, na huruhusiwi kupeleka nyingine mpaka mwaka upite.

Jibu nililoletewa lilikuwa na kiasi kikubwa mno. Msishtuke, ndivyo wanavyoanza. Wakili alifungua shauri mapema ili tusipitwe na tarehe, wathamini wa pande zote mbili wakaongea, tukakubaliana kabla ya siku ya kusikilizwa.

Wekeni akiba ya gharama za pembeni. Mbali na wakili na mthamini wako, unamlipia mwenye ardhi gharama zake za kisheria na za uthamini zilizo za haki, na anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya kiasi ulichoandika, au pauni 250, ipi iliyo kubwa. Leasehold Advisory Service, shirika la kushauri wenye mikataba kama yetu, hutoa ushauri wa awali bila malipo. Waulizeni kabla ya kumlipa yeyote.

Wapo walioniambia nisubiri sheria mpya iliyopitishwa Mei 2024, inayoahidi miaka 990 na kuondoa thamani ya ndoa. Desemba ile ilipofika vipengele hivyo vilikuwa havijaanza kutumika, na mkataba wangu haukuwa na miaka ya kusubiria. Kipengele kimoja kilianza 31 Januari 2025: si lazima tena uwe umemiliki fleti miaka miwili ndipo uombe. Hata hivyo mnunuzi hawezi kupeleka notisi mpaka asajiliwe kuwa mmiliki, na hilo huweza kuchukua miezi. Kwa hiyo anayenunua sasa fleti iliyobakiza miaka 80 na miezi kadhaa amwombe muuzaji apeleke notisi kabla ya mauzo, kisha haki ya notisi hiyo ihamishiwe kwake kwa maandishi siku ileile ya kukabidhiana fleti.