Barua za wiki: fikira za usiku, kiapo cha rafiki na picha iliyosambazwa

Barua tano za wiki hii, tatu za Lamu na mbili za Malindi, zinasema jambo moja: kutamani kufa. Za posa na mapishi zingoje. Kama saa hii unahisi huwezi kujizuia kujidhuru, acha kusoma, mwamshe mtu yeyote aliye nyumbani, au piga 116, simu ya watoto, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hapa Kenya zote ni bure.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 16, nakaa Langoni, Lamu. Nikilala hunijia fikira kwamba bora nife. Mama nikimwambia atasema imani yangu imepungua. Je, nimekufuru?

Marahaba mwanangu. Hujakufuru. Fungua Sura ya Maryam, aya ya 23. Uchungu wa kuzaa umemshika, yuko peke yake penye shina la mtende, anasema laiti angekufa kabla ya hayo. Huyo ndiye Maryam, sura nzima ina jina lake. Sasa soma alichojibiwa. Hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, chini yake pana kijito, autikise mtende zimwangukie tende, ale na anywe. Wasomaji wangu Wakristo nao wanamjua Eliya, aliyeomba kufa chini ya mti jangwani. Malaika alimletea mkate na maji, na Eliya akalala tena.

Mimi nilipokuwa na miaka 17 nilifiwa na mama, nikawa nakaa na bibi. Jioni moja niko juu ya mbuzi nakuna nazi, nikasema tu, "Bibi, nimechoka kuishi." Akanitoa kifuu mkononi, akanawa, akakaa chini karibu nami. "Tangu lini?" Hakuuliza zaidi ya hapo. Usiku ule alivuta godoro lake hadi likagusana na langu, na kila nilipozinduka nilimkuta macho. Kulipokucha tukaenda hospitali. Ila kabla yake nilikuwa nimemwambia mwalimu mmoja, akanijibu niache kudeka. Nakusimulia haya kwa sababu huenda na wewe wa kwanza utakayemwambia akakosea. Nenda kwa wa pili. Nenda hata kwa wa tatu.

Kwa sasa, usilale chumba cha peke yako. Kama kuna kitu unachokifikiria kujidhuru nacho, mwambie mtu mzima akitoe nyumbani kabisa. Fikira hizi huja kwa kishindo kisha hupungua, mara nyingi ndani ya saa chache. Dau likikwama matopeni maji yakipwa, nahodha halivunji kuni, hungoja yajae. Na kama huzuni imekaa nawe karibu kila siku kwa wiki mbili, chakula hakipiti, masomo hayaingii, basi huenda ni sonona. Hayo ni maradhi, yana tiba ya mazungumzo na yana dawa. Kutafuta tiba hakupunguzi imani ya mtu.

Shangazi, nikimwambia daktari ukweli, ataniitia polisi? Mvulana, Malindi.

Hofu yako ina chanzo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Tena hata zamani, kilichokuwa kosa ni kitendo, si fikira. Mwambie daktari kila kitu.

Rafiki yangu wa darasa ameniandikia, "Mkiona sipo msinitafute." Ameniapisha nisimwambie mtu. Na nikimwuliza waziwazi, si ndiyo nitamtia wazo?

Hutamtia wazo. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, na mimi nimekaa na vijana wengi: ukimwuliza kwa upole, mabega hushuka, kwa sababu hatimaye kuna anayejua. Muulize kwa jina la jambo lenyewe, "Unafikiria kujiua?" Usimwulize, "Hufikirii upuuzi, au sivyo?" Hapo umeshamjibia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hadi afike mtu mzima, na mtu huyo umwite wewe, leo.

Kuhusu kiapo, umefundishwa madrasa: aliyeapa kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, hulifanya lililo bora akatoa kafara. Atakununia, pengine mwezi mzima. Mwache anune, mradi yupo.

Nina miaka 17. Mvulana niliyemwamini amesambaza picha yangu kwenye kundi la WhatsApp. Mji wote umeiona. Siwezi kutoka nje, natamani nisiamke.

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara nne. Najua mji huu: neno likitoka Mkomani hufika Langoni kabla ya adhana nyingine. Lakini aliyefanya haramu hapa ni yeye. Kusambaza picha ya faragha ya mtu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, na wewe hujatimiza miaka 18, kwa hiyo kwake jambo ni zito zaidi. Hifadhi namba yake, tarehe, jina la kundi na ujumbe wowote wa vitisho. Akidai pesa, usilipe. Simu mpe dada au shangazi yako akae nayo siku chache. Kusoma wanayoyasema hakukusaidii chochote. Kisha mchukue mtu mzima unayemwamini mwende kwa afisa wa watoto au kwenye dawati la jinsia polisi. Hayo mengine yote yanaweza kusubiri kesho. Leo, kwa hilo la kutotamani kuamka, piga 116.

Na wewe unayesoma hapa huku picha hiyo umeiweka kwenye simu yako, ifute sasa. Kila unayemtumia unamwongezea mtoto huyu usiku mmoja.

Naanzaje kusema? Kila nikifungua mdomo nalia. Mvulana, miaka 15, Malindi.

Lia, kisha useme. Kama mdomo umekataa, andika haya kwenye simu umpe asome: "Nina fikira za kujiua. Sitaki unikanye wala unitatulie. Kaa nami leo, na kesho twende hospitali." Mpe mama, mjomba, jirani, mwalimu, yeyote ambaye ukimwona akija njiani huhitaji kuvuka upande wa pili. Mpe kabla ya Isha, wakati watu bado hawajalala.