Vinyota au alama za mtajo? Ongeeni kwanza

Ndugu, nimekuelewa. Mwenzako kwenye igizo la maandishi, yaani hadithi mnayoandikiana kwa zamu kila mtu na mhusika wake, anaandika kwa mkato, vitendo ndani ya vinyota: *anacheka*. Wewe unaandika aya ndefu, maneno ya mhusika ndani ya alama za mtajo, na unauliza nani kakosea. Hakuna aliyekosea, ni ladha tu.

Ila angalia mnachezea wapi. Discord, programu ya kuchati, hugeuza maneno yaliyo kati ya vinyota kuwa italiki, yaani herufi za mlalo. WhatsApp huyakoleza, na italiki yake ni _anacheka_. Niliwahi kuhamisha igizo kutoka Discord kuja WhatsApp, kila tabasamu likawa kama linapiga kelele!

Kinachoniudhi zaidi ya vinyota ni hiki: "Akamtazama, akamnyang'anya simu." Nani kamnyang'anya nani? Kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo taja jina: "Zuhura akamtazama Musa, akamnyang'anya simu." Na chagueni wakati mmoja. Yeye "anafungua mlango", wewe "alifungua", msomaji atabaki nje.

Mwambie haya nje ya igizo, kwenye mabano mawili: ((naomba tutumie alama za mtajo, sawa?)). Usimsahihishe tukio likiwa limenoga. Mimi nilifanya hivyo, mwenzangu akapotea mpaka leo.

Akikataa, kila mtu abaki na mtindo wake. Mimi nimecheza hivyo miezi na tukazoeana. Lakini akianza kudai picha zako au kusukuma mambo usiyoyataka, hilo si suala la nukta tena. Mzuie, na kama hujafika miaka 18 mwambie mtu mzima unayemwamini.